Alama za Penseli za Bibi Friederike

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Leipzig, 14 Novemba 1889, saa nne asubuhi

Jina: Ottilie Rademacher
Umri: miaka 34
Kazi: mnakili wa muziki, nyumba ya uchapaji
Makazi: Reudnitz

Mnamo tarehe 4 Novemba, Jumatatu, mzee Konrad Lindtner alituletea kitabu cha fidla ya kwanza, cha muziki wa wapigaji wanne. Marehemu mkewe, Friederike, alikuwa amekijaza alama za penseli: noti hii ishikwe kwa kidole gani, upinde uvutwe au usukumwe. Mkono wake ulikuwa mdogo, akajitafutia njia zake kwa miaka thelathini. Mzee alitaka zichapwe kwa jina la mkewe.

Aliniambia, "Binti, usipoteze hata nukta."

Nikamjibu, "Ondoa shaka, mzee."

Tarehe 11 meneja alikuja mezani kwangu. "Nani atanunua vidole vya mama wa nyumbani? Futa. Tutaweka vya profesa."

Nikamwambia nimeahidi.

"Basi akulishe huyo mzee wako."

Nina mama mgonjwa. Nilichukua raba, nikafuta tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha.

Tarehe 12, saa tano asubuhi, mzee alikuja kukagua. Alikipeleka kitabu dirishani, akafuta miwani, akafungua tena.

Meneja akacheka. "Kimetakata, siyo?"

Mzee alinitazama mimi. "Hapa Friederike alipanda kwa kidole cha pili, au cha tatu?"

Sikukumbuka. Ndipo alipoinua bakora, akampiga meneja begani, mara moja. Meneja anasema alishambuliwa bila sababu. Si kweli. Sababu ni kazi ya mkono wangu.

Jana mchana nilikiinamisha kitabu kwenye mwanga, nikaona penseli imeacha mikwaruzo kwenye karatasi. Nimerudisha kwa wino kurasa mbili kati ya ishirini na nane. Hizi hapa. Naomba mzee apelekewe huko mahabusu alikowekwa, ajue alama zinarudi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nami nakubali.

(Sahihi) O. Rademacher

Maelezo yamechukuliwa nami, Sajenti Wilhelm Haubold. Baada ya shahidi kutia sahihi, nilimjulisha kwamba mzee Lindtner amefariki mahabusu leo alfajiri. Daktari anasema ni moyo.  Shahidi akazichukua zile kurasa mbili mezani, akasema, "Zimebaki ishirini na sita," akaenda zake.