Kitambaa Cheupe Kambani

Tarehe 9 Oktoba

Mpendwa shemeji,

Hatujambo. Kuku wameanza kutaga, na bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Unajua mji wetu umekaa kama ndani ya bakuli, vilima pande zote. Majira ya baridi moshi wa kiwanda cha saruji haupati pa kutokea, unatulalia sisi. Kila jioni dada yako alianika kitambaa cheupe kambani, na asubuhi alikitazama kabla ya kufungua madirisha. Akikikuta cheusi, alinitania, "Baba watoto, leo tunapumua kwa zamu." Alicheka mpaka akakohoa kile kikohozi kilichomchukua.

Daktari alisema mvua ikianza atapata nafuu. Tuliingoja pamoja. Ilikuja wiki moja baada ya kumzika.

Jana jioni nilikianika kitambaa chake. Leo asubuhi nimekikuta cheupe kabisa, shemeji. Nimefungua madirisha yote, nikakaa upande wake wa kitanda. Hewa safi inaingia, na yeye hayupo wa kuivuta.

Mvua ikinyesha huko kwenu, nikumbuke.

Ni mimi, shemeji yako.