Jezi za Chuo na Beseni Langu

Eti mimi ndiye ninayeishusha daraja timu ya chuo, Amondi. Mimi, kwa sabuni yangu.

Nathaniel wangu, kapteni mzima, amesimama mlangoni kunizuia na beseni. "Mama, ulifua jezi, tukashuka. Ukaenda Busisi kumuuguza bibi, hazikufuliwa, tukapanda. Ukarudi, ukafua, tukashuka tena."

Nikamwambia, "Mlishuka kwa sababu beki wenu anakaba kwa macho."

"Tangu hapo nimezificha zisifuliwe, tumepanda, na kesho tukifungwa tunashuka. Nakuomba, mama."

Amondi, nyumba nzima inanuka kama dagaa wa juzi. Nimempita hapo hapo, nimeloweka zote.

Isipokuwa ya kipa. Siamini mambo hayo, lakini nimeirudisha kwenye begi na uvundo wake.