Sidii Inayomkaribisha Marehemu

Jumapili, jioni.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na hasira zangu nazo hazijashuka. Baada ya kanisa nilipita nyumbani, nikavaa sweta mbili, nimekuja hapa kwenye duka la intaneti anapofanya kazi binti yangu Bupe. Yeye ndiye aliyenifungulia blogu hii ili niache kumpigia kelele kila ninapokasirika. Haya, leo nawapigia nyinyi.

Jana nimefukuzwa klabu. Mimi mtu mzima, fundi cherehani, mwimbaji wa kanisani na wa dansi, nimetolewa mlangoni mbele za watu kama mlevi.

Sijuti hata kidogo.

Kwa mgeni wa hapa, mimi ndiye mwimbaji wa Ukungu Jazz. Usidhani ni muziki wa Wamarekani. Kwetu bendi yoyote ya zamani yenye saksafoni na magitaa iliitwa jazi, na jina likabaki. Bendi yetu ilizaliwa chini ya shirika la umma, enzi ambazo kila shirika lilikuwa na timu ya mpira na bendi yake. Shirika likauzwa. Mwekezaji alipokuja alitaka mashine na mashamba, wapuliza saksafoni hakuwa na kazi nao. Tukabaki watu watano na nyimbo zetu.

Aliyetuokota ni Bwana Ambakisye, mwenye klabu ya Mgomba Mmoja hapa Bulyaga, Tukuyu. Alinunua vyombo, akatupa jukwaa, na kila Jumamosi alasiri tukawa tunapiga dansi mpaka giza liingie. Nampa haki yake. Bila yeye tungekuwa tumeshasahaulika.

Halafu akatamani kuturekodi. Akaleta kijana mwenye mitambo kutoka Mbeya, akaturekodi laivu, tukiwa jukwaani na watu wakicheza. Siku hiyo mvua ilinyesha ya Tukuyu hasa, bati likawa linaunguruma juu yetu, na madereva wa malori ya makaa ya mawe kutoka Kiwira walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Yote hayo yamo ndani ya sidii. Mvua imo, chupa zimo, miluzi imo. Katika wimbo wa tatu waya wa gitaa unakatika na mimi nasikika nikisema, "Samahani wapenzi, tuvumiliane kidogo."

Niliposikia sidii ile mara ya kwanza nililia kwa furaha. Nilijiona nimefika. Nikawa napita dukani kwa watu bila haja ya kununua kitu, nangoja tu waniambie wamenisikia.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanzoni mwa masika Bwana Ambakisye akatuambia tupumzike kidogo, biashara ikae sawa. Tukapumzika. Jumamosi iliyofuata akaweka sidii. Na kwa nini asiweke? Sidii haili, haiugui, haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Tena zile kelele za watu wa siku ile zimo humo humo, kwa hiyo ukipita barabarani unadhani ukumbi umefurika. Watu wanaingia wakikimbia mvua, wanakuta meza tupu na spika mbili. Wa kwanza waliguna. Baadaye wakazoea. Siku hizi kuna vijana wanaojua mizaha yangu yote kwa moyo, wanaitamka kabla yangu. Waya unakatika kila wiki, na kila wiki naomba radhi.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Namwonea wivu yule mwanamke wa kwenye sidii. Hakohoi. Siku ile koo langu lilikuwa limefunguka kama halijafunguka tangu ujana, na sasa yeye anaimba hivyo kila Jumamosi wakati mimi nakata vitambaa vya sare nikiwa na mafua. Nimewahi kusimama barabarani na mwavuli, nikajisikiliza mpaka mwisho, nikaenda zangu nyumbani nikijiona mdogo.

Lakini hilo ningelimeza. Sisi tulioishi na soko huria tumemeza mengi.

Ambalo sikuweza kulimeza lilikuja nyumbani kwangu Jumatano, likiwa limejifunga kanga nyeusi. Mama Tupo.

Nyumba yake inatazamana na Mgomba Mmoja, barabara tu katikati. Mumewe, Baba Tupo, alikuwa mchezaji wetu namba moja. Mkulima wa chai, hanywi pombe, anacheza dansi kwa soda ya machungwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na daima amevaa koti. Tulimzika masika hii. Bendi tulikuwa tayari tumepumzishwa, kwa hiyo tulikwenda msibani kama majirani, tukabeba ndizi na kuni kama wengine wote.

Hapo kuna jambo la kazi yetu ambalo lazima nilieleze. Mwimbaji wa dansi haanzi kwa kuimba. Anaanza kwa kuchungulia ukumbi. Nani amekuja, nani hajaonekana, nani amepata mtoto, nani amefiwa. Ndipo anapanga maneno yake. Na akifa mpenzi wa bendi, dansi la kwanza baada ya matanga tunapiga wimbo aliokuwa akiupenda bila kuuimba. Saksafoni peke yake inachukua nafasi ya sauti. Hakuna anayenyanyuka kucheza. Wimbo ukiisha mimi nalitaja jina lake mara moja, namuaga, na kuanzia hapo bendi haimwiti tena kwenye meza yake. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na walionitangulia.

Baba Tupo hakuagwa. Mbaya zaidi, yumo ndani ya sidii.

Baada ya wimbo wa nne nasikika nikisema, "Baba Tupo, karibu mbele! Leo koti la nani hilo?" Naye anajibu kwa sauti yake nene, "La harusi yangu!" Ukumbi mzima unacheka.

Ndilo koti tulilomzika nalo.

Mama Tupo alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu. Hakutaka chai. "Mugonile, Mama Bupe," akanisalimu kwa heshima zote, nikamjibu. Kisha akasema kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa, "Mimi sikuja kugomba. Nimekuja kuulisa. Kila Jumamosi mnamwita mume wangu, mnamkalibisha. Mtamuaga lini?"

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

Akaniambia mara ya kwanza alipoisikia alitoka mbio mpaka barabarani, pekupeku. Siku hizi hatoki. Anakaa tu ndani anangoja sauti yangu imwite mumewe, mumewe ajibu, ipite, ndipo aweze kupika.

Alipoondoka nilienda kwa Bwana Ambakisye. Nilikwenda kwa adabu, nikapiga hodi, nikamwomba aruke kipande kile. Akasema kwenye mashine yake akikiruka, wimbo wa tano unakatwa mwanzo, na huo ndio watu wanaoupenda. Akasema pia, "Mama Bupe, watu wanakufa kila siku. Nikianza kukata kila aliyekufa nitabaki na nini?"

Nilitoka pale. Nikapanda gari la Igogwe, kwa Asegelile, mpuliza saksafoni wetu, ambaye sasa analima ndizi na kubeba mikungu mpaka barabarani. Vyombo vingine vyote ni vya klabu, lakini saksafoni ni yake mwenyewe, aliachiwa na kaka yake. Nikamweleza. Akaifuta saksafoni kwa pindo la shati, nikajua amekubali.

Basi jana.

Tuliingia Mgomba Mmoja alasiri kama wateja. Mimi, Asegelile na saksafoni yake ndani ya kiroba, mpiga ridhimu na galatoni la kuazima, lile gitaa kavu lisilotaka umeme, na Mama Tupo katikati yetu. Mpiga besi hakuja. Mpiga ngoma alikuja akasimama karibu na mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje. Tukaagiza soda. Watu walikuwepo kiasi, wengine wameanza kucheza. Nikajisikiliza nikiimba wimbo wa kwanza. Waya ukakatika, nikaomba radhi, vijana wakaomba radhi pamoja nami wakicheka.

Wimbo wa nne ukaisha.

"Baba Tupo, karibu mbele!" nikasema ndani ya spika.

Nikasimama. "Hayupo!"

Sikupiga kelele. Nilitoa sauti kama ninavyoitoa jukwaani, kutoka tumboni. Watu wakageuka. "Leo koti la nani hilo?" ikaendelea spika. Nikasema, "Hayupo. Tumemzika. Mke wake huyu hapa."

Spika ikajibu, "La harusi yangu!" Watu wa siku ile wakacheka, wakapiga miluzi. Watu wa jana hawakucheka. Kijana mmoja aliyekuwa akicheza akavua kofia. Sijawahi kuuona ukumbi ukiwa kimya na makelele kwa wakati mmoja, na sitaki kuuona tena.

Mama Tupo akanyanyuka taratibu, akaenda kaunta, akamwambia anayehudumia mashine neno moja kwa ile sauti yake ya Kinyakyusa: "Sima."

Anayehudumia akamtazama Bwana Ambakisye. Bwana Ambakisye akatutazama sisi, akamtazama mjane, akaona watu wote wanamtazama yeye. Nadhani alikumbuka kwamba yeye pia ni mtoto wa mtu. "Zima," akasema.

Tukapiga kavukavu, bila spika wala maikrofoni. Wimbo alioupenda Baba Tupo ni ule wa mvulana anayesubiri barua. Asegelile akaupuliza wote, polepole, galatoni likimfuata nyuma. Mpiga ngoma akaingiza na mguu wa pili, akaanza kugonga meza kwa viganja. Hakuna aliyenyanyuka kucheza, na hatukuwa tumemwambia mtu. Wengi walikuwa wanaijua desturi. Wimbo ulipoisha nikalitaja jina lake mara moja, nikasema, "Nenda salama, mpenzi wetu." Mama Tupo alijifunika uso kwa kanga akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, kama mtu anayeruhusiwa.

Bwana Ambakisye alingoja tumalize. Hilo nalo nampa. Kisha akaja mpaka nilipo, akasema, "Mama Bupe, hapa ni mahali pa biashara. Msiba una mahali pake. Usikanyage tena humu."

"Sitakanyaga," nikamwambia. "Nitakanyaga barabarani. Barabara bado haijauzwa."

Akanishika mkono akanitoa. Ndiyo hiyo habari mnayoisikia sokoni, na kwa wale wanaosema nilimrushia chupa, sikumrushia. Nilikuwa nimeshaimaliza soda na chupa niliirudisha kaunta.

Leo kanisani wengine walinisalimia kwa mikono miwili, wengine walikuwa wanatafuta kitu kwenye mikoba yao. Baada ya ibada Asegelile alinifuata nyumbani. Bwana Ambakisye alikuwa amempelekea ujumbe alfajiri. Wapigaji wanaweza kurudi, jukwaa lipo, vyombo vipo. Mwimbaji asirudi. Sauti yangu anayo ya kutosha.

Mpiga besi amekubali. Ana watoto wanne shule, namwelewa. Hapana, nisiwe mnafiki kwenye blogu yangu mwenyewe. Simwelewi, na nikikutana naye njiani sitajua niseme nini.

Nikamuuliza Asegelile, "Na wewe je?" Yule bwana ana mke mgonjwa na shamba lisilotosha. Ningemsamehe kabla hajajibu. Akaweka kiroba chenye saksafoni juu ya vitambaa vyangu, akasema, "Nimemwambia awaite hao waliomo kwenye sidii. Mimi niko huku." Kisha akaomba chai, akanywa vikombe viwili, na tukaanza kutafuta nyimbo ambazo hazikurekodiwa. Tumepata saba. Nyingine nilikuwa nimeshasahau kama ninazo.

Mama Tupo ametupa baraza lake. Mwenyewe alikuja kulisema, hatukumwomba. Baraza dogo, saruji imemeguka, hapana umeme wa kutosha hata kwa spika ya redio. Linatazamana na mlango wa Mgomba Mmoja uso kwa uso.

Naogopa. Nani ataacha ukumbi wenye bati na taa aje kusimama kwenye tope? Koo langu si lile la siku ya kurekodiwa. Huenda tukaimba na wakaongeza tu sauti ya sidii, nikashindana na mimi mwenyewe mbele ya mji mzima, na nikashindwa. Nimeliwaza hilo tangu mchana na bado nimeamua.

Bupe anataka kufunga duka. Naandika haraka.

Kwa yeyote anayesoma hapa, uwe Tukuyu, Kiwira, au uko mbali na umewahi kucheza na sisi: Jumamosi ukipita Mgomba Mmoja ukanisikia naimba, usiingie kunitafuta. Sipo humo. Vuka barabara. Nipo barazani kwa Mama Tupo, na huku ukiniita, naitika.