Salma Kampiga Tobo Beki Wako

Baba Khamis,

Nakusalimu kutoka Maskati. Mimi mzima, hata magoti yamenyamaza kwa hewa ya huku. Simu ningepiga, lakini hili nataka uende nalo barazani.

Ijumaa mwanao alitupeleka Yiti, pwani, kuchoma samaki. Karibu yetu alikaa mzungu mrefu, kipara chekundu kwa jua, anatafuna mkate mkavu. Nkamuonea imani, nkampelekea nguru na ukwaju. Khamis nusura azimie. Kumbe ndiye yule beki wa Denmark unayemwita Ukuta, aliyekuwa akikugombanisha na televisheni kila akiwazuia vijana wako wasifunge. Keshastaafu, siku hizi anafundisha watoto hapa Maskati.

Alikula mpaka akalamba vidole, kisha akainuka kucheza na wajukuu zetu mchangani. Salma akamjia na mpira, mtandio kaufunga kiunoni. Ukuta akatanua miguu amzuie. Mtoto akampiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu, akaufuata akafunga. Ukuta alikaa chini kwa kicheko. "Ulaya nzima walikuwa wakilitafuta hilo," akasema, Khamis akanifasiria.

Sahihi hiyo ya pembeni ni yake, waoneshe wenzio.

Nimekukumbuka sana, hasa kilipobaki kichwa cha samaki na hapana wa kukigombania nami.

Na huyo Salma uliyemkataza mpira uani, nnarudi naye likizo hii. Vyungu vyako vya asumini vihamishe mapema.

Mama Khamis