Jina Yako na Yangu mu Rejistre ya Bunia

Kinshasa, mwezi wa kumi, 1984

Yaya Kambale,

Staji imepotea. Imepotea siku ya tatu ya juma iliyopita, saa tano na nusu ya asubuhi, mu kabine ya waavoka, ofisi ya mawakili, yenye nilikuandikia habari yake, ile yenye inashugulikia kampani na biashara. Nimeanza na ile juu usisome salamu karatasi muzima ukifikiri nyuma yake kuko habari nzuri.

Sasa nakusalimia. Goti ya mama inaendelea namna gani? Mvua ya Rwambuzi ilibomoa tena ukuta wa jikoni, ao uliujenga na matofali kama ulivyosema? Watoto wote walirudi shuleni? Mimi niko muzima, nimekonda tu. Chakula iko, hamu ndiyo haiko.

Nikupe hesabu, maana weye ni mutu wa hesabu kama mimi. Tangu nimalize sheria mwaka jana, nimeandika barua makumi tatu na moja za kuomba staji. Zote nilizipiga mwenyewe na ile machini yenye ilinilipia masomo, wakati nilikuwa napigia wenzangu memware zao za kumaliza shule. Makumi mbili na mbili hazikujibiwa. Sita walisema hakuna nafasi. Mbili waliniita, wakaniuliza kitu kimoja tu: "Weye ni mutoto wa nani?" Nikasema baba alikuwa fundi wa kushona Butembo, kiisha akahamia Bunia. Wakafunga dosie. Moja tu ndiyo walinikubali, wakasema nianze mwezi huu. Nilikopa abakosti, koti ya kuvaa bila tai, ya mwenzangu wa chumba. Mikono yake ni mifupi kwangu, basi nilikuwa natembea na mikono nyuma kama mukubwa wa serikali.

Unajua mwenyewe: bila miaka mbili ya staji chini ya avoka mukubwa, siwezi kusimama mbele ya juge. Diplome inabaki karatasi ya kutundika.

Siku ile mukubwa wa kabine aliniita. Ni mutu wa pole, hapandishi sauti. Akaniuliza, na jina ya karatasi, "Citoyen Kambale, kahawa ya Bunia inaendelea namna gani?"

Nikafikiri anatafuta maongezi. "Inaendelea muzuri, Maître. Mwaka huu wamechuma mingi."

"Na yako, umeuza tani ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akageuza karatasi juu ya meza, nikaona ni kopi ya rejistre ya biashara ya Bunia, kitabu ya majina ya wenye biashara. Kampani moja yenye wanaitetea inataka kununua kahawa kwetu, na wao wanachunguza kila muuzaji mbele. Mustari wa saba: Kambale, na jina ya baba, kuzaliwa Butembo, siku ile, mwezi ule, mwaka ule. Yote sawasawa na diplome yangu.

"Ni weye?"

Yaya, ungekuwa kwenye kiti changu ungejibu nini? Nikisema ndiyo, mimi ni mucuruzi, na avoka haruhusiwi biashara, hata ya karanga. Nikisema hapana, basi diplome ni ya nani? Nikasema ni ndugu yangu. Sasa, mutu huyu alifanya kazi miaka mine Butembo. Anajua kwetu mutoto mwanaume wa pili ni Kambale, na wa tatu ni Kasereka. Akauliza polepole, "Baba yako alizaa wa pili mara ngapi?"

"Maître, baba yetu..." nikaanza.

"Usiniambie zaidi," akasema. "Nikijua zaidi nitapaswa kuandikia wakubwa wa waavoka, na sipendi." Kiti changu alikipatia mwingine kesho yake. Lakini alisema tena: kuko stajiere mumoja atatoka mwezi wa kwanza, na nafasi ile anaweza kuniwekea. Anataka kitu kimoja: karatasi ya tribinali ya Bunia yenye kuonyesha kwamba jina Kambale imetoka mu rejistre ya biashara. Anangoja mupaka siku ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Kiisha pale anafuta.

Mwenzangu wa chumba, nilipomurudishia abakosti, aliniambia, "Weye ni mujinga. Ungesema Wanande wote wanaitwa Kambale, angekubali." Nikamwambia ndiyo, wote wanaitwa, lakini siyo wote walizaliwa siku moja na baba mumoja.

Yaya, sikuomba jina ile. Weye uliacha darasa la tano ukafuata samaki ya ziwa kule Kasenyi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Baba hakutaka nafasi ipotee bure, akanikalisha kwenye benchi yako na karatasi yako ya ubatizo. Mwalimu akaita Kambale, baba akanisukuma mugongo, nikaitika. Nimeitika miaka kumi na tatu: miaka mbili ya primere, sita ya sekondere, tano ya hapa. Ni mu nyumba yetu tu ndiyo ningali Kasereka.

Na siku ya kupanda ndege, kwenye uwanja wa Bunia, nani alinishika mukono? Ulisema, "Jina ya karatasi nimekuachia. Mimi duka nitaiandika kwa njia ingine." Mama alisikia. Kumbe miaka mbili sasa uko mu rejistre, na hukuniandikia hata mustari mumoja. Nimesikia kwa mutu mugeni, nimesimama mbele yake na mikono mifupi.

Najua utasema nini. Utasema jina ni yako, ulizaliwa nayo, na ruhusa ya kununua kahawa haitolewi kwa mutu asiye na jina. Ni kweli. Sitabishana na ile. Kama kuko mutu aliyevaa nguo ya mwingine, ni mimi. Lakini weye unaweza kuuza kahawa na jina ingine, na mimi siwezi kuwa avoka na jina ingine. Pima mwenyewe.

Nimefikiri njia. Pamoja na barua hii utakuta karatasi mbili, nimezipiga tayari. Ya kwanza ni ya kuomba jina yako itoke mu rejistre. Ya pili ni ruhusa ya muume, maana sheria inaomba muume aandike ruhusa mbele muke afanye biashara. Duka na kahawa viingie kwa jina ya muke wako, shemeji Masika. Utie saini mahali niliweka alama, uzipeleke mwenyewe kwa greffier, karani wa tribinali, usimutume mutu. Ukifika asubuhi, inaisha siku ile ile.

Ulishaniambia kitambo, "Nikiandika duka kwa muke, ndugu zake watalala ndani." Nimefikiri ile pia. Shemeji amekaa na weye miaka kumi na moja, na siku mizigo yako ilizama Kasenyi ni yeye aliuza vitenge vyake. Kama unaogopa mutu yule, basi hakuna mwenye unaweza kumuamini, hata mimi.

Unisalimie mama, usimusomee barua hii yote. Unisalimie dada yetu mwenye aliolewa Epulu na yule mulinzi wa okapi, na pastere wetu wa Rwambuzi mwenye alinipa valizi ya safari. Shemeji umusalimie mbele ya wote, kiisha umuonyeshe karatasi ya pili.

Barua hii nampatia mutu anayepanda ndege kesho kutwa. Siku ya ine ya juma la pili ya mwezi wa kumi na moja, saa ine ya asubuhi, nitakuwa kwenye foni ya misioni hapa, ile redio ya kuongea. Weye uende kwenye foni ya misioni Bunia. Watu wote wanasikiliza kwenye foni, basi usieleze kitu, usiniulize habari ya afya, na usiniambie "tutaona." Utaenda kutia saini, ndiyo ao hapana? Ukisema hapana, nitaacha mambo ya avoka, nitafute kazi ya kufundisha Kisangani, na sitamuambia mama sababu. Lakini nataka nisikie neno ile siku ile, na kinywa yako mwenyewe.

Mudogo wako,
Kasereka