Bluu Yake, Kijani Yangu

Jumamosi. Baridi ya Sekei imeingia mpaka ndani ya soksi, na Mlima Meru hauonekani kabisa. Wingu limeufunika tangu juzi.

Leo nimemfumania mume wangu.

Alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya sebule, waya wa kusugulia masufuria mkononi, anaikwangua rangi yangu ya kijani kwa nguvu zote. Ningemfokea vizuri sana, ila na mimi nilikuwa nimeingia na kisu cha jikoni, nakwenda kuichokonoa bluu yake.

Tukatazamana.

"Najaribu uimara," akasema Eliya.

"Na mimi."

Ngoja nieleze. Mama mkwe anahamia kwetu. Goti limemchosha, na shamba la kahawa huko mlimani amewaachia wadogo zake Eliya. Kifua chake hakitaki vumbi, na sakafu yetu ya saruji ukiifagia asubuhi, jioni imeshatoa vumbi jingine yenyewe. Lazima ipakwe kabla hajafika. Eliya anataka bluu, ile rangi ya kuchanganya makopo mawili wanayopaka kwenye gereji. Anasema hata ukiburuza jeneza haichubuki. Nani aburuze jeneza sebuleni kwangu? Mimi nilinunua rangi ya kawaida ya sakafu, kijani iliyotulia. Tukapaka kila mtu kipande chake, tuone.

Nakiri: yangu ilibanduka kama ganda la ndizi mbivu. Ila yake tulipoimwagia maji, Eliya aliteleza mpaka akashika pazia, na pazia likaja na bomba lake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwisho tukapatana: itumike ya makopo mawili, inyunyiziwe mchanga laini ili mama asianguke. Lakini iwe bluu au kijani? Hapo hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Nikampigia mama mkwe mwenyewe, nikaweka spika.

"Shikamoo mama. Sakafu tupake bluu au kijani?"

"Marahaba mwanangu. Macho yangu si unayajua? Nikidondosha kidonge, nataka nikione. Vya goti ni vya kijani."

Eliya akanyanyua mikono kama amefunga goli.

"Na vya tumbo ni vya bluu," akaendelea mama.

Mikono ikashuka.

"Pakeni nyekundu. Nyekundu sina."

Basi, ni nyekundu. Tumekunywa chai kwa amani, wote tumeshindwa sawasawa, na nimegundua kwamba nampenda sana huyu mwanamume akiwa ameshindwa. Amani hiyo imedumu mpaka chai ilipoisha, ndipo Eliya akauliza: nyekundu ya nyanya au ya matofali?

Mimi naitaka ya matofali kwa moyo wangu wote.

Hivi nikimwambia nataka ya nyanya, si atang'ang'ania matofali mwenyewe?