Kanda Niliyochelewa Kuifikisha Machakos

Dada Mwende,

Nimefika Machakos. Jumamosi iliyopita nilikaa sebuleni kwa mama yako pamoja na mwanao Ndanu, na kanda yako tukaisikiliza yote, pande zote mbili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilonituma, na kwa sababu mara ya kwanza nilipokuambia nimelifanya, nilikudanganya.

Nitalieleza. Lakini niache kwanza nikukumbuke kidogo, maana tangu rafiki yetu Dell aliponipigia simu kunipa habari zako sijaweza kukuwaza bila aibu kunikatiza.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa na wiki tatu tu Washington. Ofisi yetu ya Arusha ilikuwa imenipeleka miezi tisa nikajifunze upimaji wa udongo kwenye chuo kikuu kule College Park, nami nikapanga chumba Columbia Heights. Asubuhi treni, jioni treni, na katikati maabara yenye watu wapole ambao kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, naongea na mama kwa simu. Nilipokata, mwanamke aliyekuwa anakunja mashuka pembeni akasema bila kuniangalia, "Wewe ni wa Tizedi, Tanzania kabisa. Hiyo shikamoo imekuuza."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Nilikuwa sijacheka tangu nishuke kwenye ndege.

"Jumamosi unafanyanga nini?" ukaniuliza.

"Nafua."

"Na ukimaliza kufua?"

Nikakuonyesha rundo jingine la nguo. Ukasema, "Basi twende kazini kwangu."

Kazini kwako kulikuwa Bladensburg, nyumbani kwa Bibi Ada, uliyekuwa unamwogesha, unamlisha na kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kwa miaka minne. Nilidhani nitakaa jikoni nikungoje. Kumbe barazani kulikuwa na wazee watano wa Kizungu, na banjo, na fidla, na gitaa, na Dell, yule mstaafu wa posta, akapaza sauti kwamba wanakungoja wewe tu. Ukaingia ndani na sare yako ya kazi, ukatoka umekumbatia besi, lile gitaa la kusimama, refu kukushinda.

Baadaye ulinieleza. Lilikuwa la marehemu mumewe Bibi Ada. Lilikaa kwenye kona ya sebule hadi siku moja bibi akasema ukimya wake unamchosha, akakuamuru uvute waya wowote ambao Dell angekuonyesha kwa kidole. Ulivuta majira ya baridi yote. Majani yalipoanza kuchipua, hukuhitaji tena kuonyeshwa.

Mimi muziki ule sikuwahi kuusikia. Bluegrass, mkaniambia, muziki wa watu wa milimani. Banjo ilikuwa kama mtu anamimina punje za mahindi kwenye sinia, nyingi, za haraka, na bado kila moja unaisikia. Juu yake sauti nyembamba, kali, karibu na kilio, huku miguu inapiga sakafu kwa furaha. Waliimba kuhusu mama aliyeachwa, kuhusu nyumba iliyobaki nyuma ya mlima. Ukaniinamia sikioni: "Sikia hawa. Wanalilia kwao, na kwao ni safari ya masaa manne tu kwa gari."

Tukacheka wote wawili. Halafu wewe ukaacha kucheka, na mimi sikujua kwa nini. Ilipita miezi miwili ndipo ukaniambia kwamba Ndanu ulimwacha ana miaka sita, na sasa ana kumi na tano, na kwamba makaratasi yako hayakuwa yamekaa sawa, hivyo ukitoka Marekani hurudi, na usiporudi hakuna karo.

Siku ile ya kwanza Dell aliposikia niliwahi kuwa tenori kwenye kwaya ya kanisa letu Machame, alisema sauti ya juu ni yangu. Niliogopa, maneno sikuyajua. "Imba aaa tu," ukasema. "Hawa wazee hawaumi." Nikaimba aaa. Na Dada, ile sauti ilipokaa mahali pake kati ya sauti zao, nilihisi nimepewa kiti katika nyumba ya watu.

Tangu hapo kila Jumamosi alasiri nilikuwa pale. Dell alinirudisha kwa gari lake, akanidai masomo ya Kiswahili njiani. Kwa hiyo kila wiki alimwinamia Bibi Ada na "shikamoo" yake iliyopinda, na Bibi Ada akajibu "marahaba" kama malkia. Niliporudi maabara Jumatatu, wenzangu walinisikia napiga mluzi juu ya vikopo vya udongo. Wawili wakaanza kuniuliza habari za kwetu.

Halafu Jumamosi yangu ya mwisho. Dell alileta redio kaseti, akarekodi upande wa kwanza, nyimbo na makelele yetu yote. Upande wa pili uliurekodi peke yako chumbani, mlango umefungwa, kwa Kikamba. Ulitoka macho mekundu ukanipa kanda mkononi. Ndanu alikuwa amekataa simu zako kwa miaka miwili, anasema hana la kumwambia mtu asiyemjua. "Usiitume na basi," ukaniambia. "Mpe mkononi. Ukae naye asikize mpaka mwisho."

Nikasema ndiyo.

Kutoka Arusha hadi Machakos ni safari ya siku moja. Siku moja, Dada. Nilirudi nikakuta kazi imerundikana, nikasema mwezi ujao. Mwezi ujao nikaugua malaria. Uliofuata likizo ilikataliwa, na uliokuja baada ya hapo sina hata kisingizio cha kukuandikia. Ukanipigia: "Ulifika kwa Ndanu?" Nikaona aibu kusema hapana mara ya tatu. Nikasema, "Nimefika. Amesikiliza yote. Alilia."

Kisha ukasema, "Alilia? Basi. Basi yatosha."

Wiki tano baadaye Dell akapiga. Ulianguka ghafla jikoni kwa Bibi Ada, shinikizo la damu, na hukuamka tena. Alikuwa analia, na mwishoni hakupata neno la kuagana isipokuwa lile nililomfundisha. "Shikamoo, Eli," akasema, mzee wa miaka sabini, na mimi sikuweza hata kumsahihisha.

Walikuleta nyumbani, wakakuzika. Sikuja. Kanda ilikuwa kwenye droo yangu, na sikuwa na uso wa kusimama kwenye kaburi lako.

Jumamosi iliyopita ndipo nikaenda. Ndanu ana paji lako la uso na anasimama kama wewe, mkono kiunoni. Aliniita Anko. Niliweka kanda mezani, na kabla ya kuiwasha nikamweleza yote, na uongo niliokuambia. Nilitegemea anifukuze. Aliitazama kanda, akasema:

"Kwa hivyo ndio hii."

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Mum alinipigia. Sijui mbona nilishika siku hiyo, nilikuwa nimezoea kukata. Akaniambia, najua umenisikia, na ni sawa kama hutaki kusema. Sikuelewa anaongea juu ya nini. Lakini sauti yake ilikuwa na raha sana, Anko. Nikamwambia, eeh Mum, nimekusikia." Akafuta uso kwa kiganja. "Tukaongea saa nzima. Akapiga tena Jumapili tatu. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa kumharibia."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tulikudanganya wote wawili, mimi kwa uvivu na yeye kwa huruma, na sitajipa sifa ya yale mazungumzo. Ni yenu ninyi wawili.

Tukaiwasha. Katikati ya wimbo wa tatu mtu anakosea, banjo inasimama, na mwanamke anacheka, kicheko kikubwa kisichojali. Ndanu akabonyeza redio isimame.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama yako."

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, na tena. Upande wa pili nilitaka kutoka nje, maana yalikuwa yenu, akanishika mkono wa shati nisiondoke. Sikuelewa Kikamba chako. Nilimwangalia yeye tu, na safari hii nimeona kwa macho yangu: alilia, Dada.

Anataka kujua ulivyoishi. Ulivaa nini kwenye theluji, ulikula nini, nani alikuchekesha, siku gani ulishindwa kuamka. Nimemwambia niliyoyajua, na Desemba narudi na namba ya Dell, apige amuulize yaliyobaki, nami nitakaa naye. Nakuahidi mambo mawili tu: nikimwambia nitakuja, nitakuja, na nikimsimulia habari zako, sitaongeza wala kupunguza.

Lala, Dada yangu. Mwanao amekusikia.

Mdogo wako,
Elibariki